Kichwa changu kilinihukumu nusu mwaka, mimi nikadhani kinanipa taarifa

#1 Dereva wa Msimu

Wadau, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa 14 huu barabarani. Naishi Arusha, Kwa Mrombo, kwetu ni Uru. Wiki iliyopita mwenzangu wa kijiweni Mianzini aliniuliza, "Aisee ulipotelea wapi?" Nikakosa cha kumjibu kwa mdomo, nikaona bora niandike.

Februari mwaka huu nilishuka kreta ya Ngorongoro na wageni wanne. Tulishukia Seneto asubuhi, ukungu bado umekaa kwenye kingo. Hatujamaliza hata saa moja kule chini, klachi ikagoma. Nikaita kwa redio, tukakaa saa tatu kungoja gari lingine. Siku hiyohiyo faru alionekana upande wa Lerai, magari yote yalimwona isipokuwa letu. Wageni walimaliza lanchi zao saa nne asubuhi kwa kukosa cha kufanya.

Mwisho wa safari walijaza fomu za maoni. Watatu waliandika vizuri kabisa, mmoja akasifu nilivyowatajia ndege. Wa nne akaandika kwamba dereva alikaa kimya muda mrefu baada ya gari kuharibika. Ni kweli nilikaa kimya. Nilikuwa chini ya gari.

Meneja akasoma, akaniambia "tutakupigia." Machi kimya. Aprili na Mei ni mvua, msimu umekufa, hiyo tunaijua wote. Juni magari yakaanza kutoka, mimi simu kimya.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Kukosa kazi nimeshakosa. Mwaka 2020 wageni walipokatika niliuza mayai ya kuchemsha Sakina na nikalala usingizi wangu vizuri tu. Mwaka huu lilikuwa jambo lingine. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, hakuna mbu, hakuna kelele, na kichwa kinaanza. "Yule mgeni aliona kitu. Wenzako wanajua. Meneja ameshawaambia kampuni nyingine. Una miaka 43, nani atakuajiri. Mke anavumilia tu. Ada ya Januari hutaweza. Ulishawahi kuweza nini?" Mpaka jogoo wa jirani anawika nimeshajifukuza kazi kampuni zote za mji huu, zikiwemo ambazo sijawahi kuziomba.

Ile fomu nilikuwa naikumbuka neno kwa neno. Zile tatu nzuri sikuzikumbuka hata kidogo, mke wangu ndiye aliyenikumbusha. Kichwa kilikuwa kama chujio la chai: chai yote inapita, kinabaki na majani.

Mchana mwili nao ukajiunga. Tumbo linawaka, moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa. Nikajitibu vidonda vya tumbo duka la dawa mara mbili. Nikapima presha, malaria, sukari, hamna kitu. Nikaacha kwenda kijiweni. Nikaacha kupokea simu nisizozijua, halafu na ninazozijua. Shemeji yangu alikuja kutusalimia, nikajifanya nimelala.

Agosti mwishoni mke wangu alinivuta hospitali, na neno kuvuta natumia kama lilivyo. Daktari kijana, baada ya kuangalia vipimo vyote visivyo na kitu, akatoa karatasi yenye maswali tisa. Wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa hamu ya mambo, umelala vibaya, umejiona umeshindwa, na mengine ya namna hiyo. Jumla ya juu kabisa ni 27. Mimi nikapata 17. Akasema, "Mzee, hii inaitwa sonona, na inatibika." Nilitaka kucheka. Nililia.

Nikapewa dawa, na nikapewa mshauri wa kuongea naye kila wiki. Dawa wiki ya kwanza ilinipa kichefuchefu na hakuna kingine, usingizi ulikuja kama wiki ya nne. Mshauri naye akanipa kazi ya ajabu: leta daftari. Nikamletea daftari langu la mafuta, lile la kuandika lita na kilomita. Nyuma kulikuwa na kurasa tupu. Akanichorea mistari miwili, zikatoka safu tatu: kilichotokea, kichwa kimesema nini, shahidi ni nani.

Ukurasa wa kwanza huu hapa, nanakili kama ulivyo:

*Ijumaa. Nimepiga simu kwa bosi wa zamani saa saba mchana, hajapokea. / Kichwa: hata yeye ameshasikia, hataki kuniona. / Shahidi: ...*

Hapo kwenye shahidi nilikaa na kalamu. Nimefanya kazi na yule mzee miaka minane. Ni Mwislamu safi. Ijumaa saa saba yuko wapi? Miaka minane nimekuwa nikimshusha mlango wa msikiti mimi mwenyewe!

Alinipigia saa tisa. Sikupokea. Niliogopa.

Kwa hiyo wadau, tatizo langu halikuwa kuwaza mabaya peke yake, kila mtu anawaza mabaya. Shida ni kwamba wazo lilikuwa linanizuia kwenda kulihakikisha. Ukiamini watu wamekuchoka, huendi kijiweni. Usipokwenda, hakuna wa kukuonyesha kwamba hawajakuchoka. Wakiacha kukutafuta kwa sababu hupokei simu, unasema umeona? Wazo linajijengea ukuta, na matofali unabeba wewe.

Kuna mwingine amepita hapa? Mlifanyaje?

#2 Chalii wa Ngarenaro

Daah. Hapo kwa msikiti nimecheka kinoma halafu nikaacha kucheka.

#3 Mangi Mstaafu

Nimesoma yote. Pole kijana, lakini tupunguze uzungu. Baba yangu alilea watoto tisa kwa kihamba cha migomba na kahawa, bei ya kahawa ikaanguka, hakuna aliyempa karatasi ya maswali tisa. Aliamka, akaenda shambani. Nyie mna muda mwingi wa kukaa na vichwa vyenu. Sali, fanya kazi, mawazo yatakosa nafasi.

#4 Sista Zamu

Mzee Mangi shikamoo. Mimi ni muuguzi, niko kitengo cha afya ya akili hapa Moshi, sitasema hospitali ipi. Wazee wa kizazi cha baba yako tunawapokea sana. Wanakuja na mgongo, kiungulia, "moyo unaruka." Hakuna anayekuja akasema ana huzuni. Huyo aliyeamka akaenda shambani tunamshukuru Mungu. Yule aliyeamka akaenda kilabuni kila siku mpaka akauza sehemu ya kihamba hatukumwita mgonjwa, tulimwita mlevi.

Na neno la ugonjwa huu tunalo siku nyingi. Mtu akikonda, akikaa pembeni, tunasema nini? "Ana mawazo." Hatusemi mawazo gani, tunasema tu anayo, kama mtu mwenye homa. Hilo hatukufundishwa na mzungu.

Dereva, hicho alichokupa mshauri kina historia. Kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili Marekani, Aaron Beck, wa Philadelphia. Alisomea ile njia ya kumlaza mgonjwa kwenye kochi aeleze utoto na ndoto zake. Miaka ya 1960 akagundua kwamba wagonjwa wake wa sonona, wakiwa wanaongea naye, kuna maneno mengine yanapita pembeni ya kichwa: namchosha daktari, ananiona mjinga. Mgonjwa mwenyewe hayashiki. Yanapita kama daladala isiyosimama kituoni, wewe unabaki na vumbi, na vumbi lenyewe ndiyo ile huzuni usiyojua imetoka wapi. Beck akaona yanazunguka mambo matatu: mimi sifai, dunia hainitaki, kesho hakuna kitu. Soma tena maneno yako ya saa tisa usiku, yote matatu yamo. Alifariki 2021 akiwa na miaka 100, na njia yake ndiyo inatumika sehemu nyingi leo.

Kuhusu tumbo: hukuwa unajifanyisha. Ubongo ukiamini kuna hatari, hauulizi kama hatari ni simba au fomu ya maoni. Unamwaga homoni za kukuandaa kukimbia, moyo unaongeza mwendo, tumbo linasimamisha kazi, usingizi unakatika. Kesho yake umechoka, na ubongo uliochoka unaona hatari zaidi. Ndiyo maana vipimo vinatoka safi na mgonjwa bado anaumwa kweli.

#5 Mama Memorial

Mimi nauza mitumba Memorial, Moshi. Nisameheni nitakuwa mkali kidogo.

Mnasema wazo, ushahidi, daftari. Mimi nadaiwa 640,000, mikopo miwili ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mmoja nilichukua kulipa mwingine. Baba watoto yuko Mererani huu mwaka wa tatu anatafuta jiwe, simu anapiga akiwa na shida. Kila asubuhi nikisikia pikipiki mlangoni naruka. Sasa kichwa changu kikiniambia "kesho kubaya," kinadanganya wapi? Nikiandika kwenye daftari, shahidi yupo, anakuja na pikipiki. Njaa siyo fikra. Mwenye mawazo ya faru aende kwa mshauri, mwenye deni anahitaji hela.

#6 Kibuyu

Mama umeongea. Uzi ufungwe.

#7 Dereva wa Msimu

Kibuyu usifunge uzi wa watu.

Mama Memorial, pole sana dada yangu, na sijaona ukali hapo. Hilo swali na mimi nilimuuliza mshauri, maana ada ya Januari si ndoto. Aliniambia nitenganishe vitu viwili. Deni la 640,000 ni tatizo. Lina tarakimu, lina tarehe, lina mtu wa kuongea naye. Sasa niambie, ukiwa umelala, kichwa kinasema "640,000" tu kinanyamaza? Au kinaongeza kitu?

#8 Mama Memorial

Kinaongeza.

Kinasema mimi ni mama gani. Kinasema watoto wangekuwa kwa bibi yao wangekula vizuri. Kinasema nilivyoacha kazi ya hoteli 2019 ndipo nilipowaua.

#9 Dereva wa Msimu

Ndiyo. Hilo la pili halina tarakimu, halina tarehe, halina wa kuongea naye. Hiyo ni hukumu. Na mimi nimeona hukumu inakula nguvu yote ya kushughulikia tatizo. Mimi hapa nilitakiwa niombe kazi kampuni kumi. Niliomba ngapi? Sifuri. Usiku kucha nilikuwa mahakamani, mchana nimechoka.

#10 Sista Zamu

Mama Memorial, naomba nikupe mfano wa watu wenye shida kama yako hasa. Zimbabwe kuna daktari, Dixon Chibanda. Mwaka 2006 alianza kazi Mbare, mtaa wa watu wa hali ya chini Harare, akiwa hana wauguzi, hana vyumba. Waliokuwepo ni bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani. Akawafundisha. Nje ya zahanati wakaweka benchi la mbao. Unakaa na bibi. Kwa Kishona ugonjwa wanauita *kufungisisa*, maana yake kuwaza kupita kiasi. Ona walivyo jirani zetu.

Bibi hakwambii "waza mazuri." Anakuomba utaje shida zako zote: deni, mume, virusi, kodi. Halafu mnachagua moja, moja tu, na mnaulizana wiki hii inaweza kufanyika hatua gani ndogo. Wiki ijayo unarudi kueleza. Mwaka 2016 walichapisha utafiti wa zahanati 24 na watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hakulipa deni la mtu. Lakini mtu aliyetua mzigo wa kujihukumu anaweza kwenda kwa anayemdai akaongea.

Hao wanaokudai, mara ya mwisho kuongea nao wewe mwenyewe bila kusubiri pikipiki ilikuwa lini?

#11 Mama Memorial

Sijawahi. Nikiwaona najificha nyuma ya marobota.

Nitafikiria.

#12 Chalii wa Ngarenaro

Swali kwa sista. Kuna jamaa mmoja anahamasisha mtandaoni, anasema ukiwaza hasi kata hapo hapo, jiambie kwenye kioo mimi ni mshindi mara ishirini. Nimejaribu tangu mwezi wa tisa. Kwenye kioo niko fresh, nikitoka nje nakumbuka nimefeli mtihani wa bodi mara mbili. Au nasema kwa sauti ndogo?

#13 Sista Zamu

😂 Sauti haina shida mdogo wangu.

Kuna mtafiti wa Marekani, Daniel Wegner, mwaka 1987 aliwaambia wanafunzi: kwa dakika tano msimuwaze dubu mweupe, mkimuwaza pigeni kengele. Kengele zililia. Baadaye akawaruhusu wamuwaze wapendavyo, na wale waliokuwa wamejizuia walimuwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kulikataza wazo ni kulipatia kiti cha mbele.

Na kujiambia "mimi ni mshindi" wakati moyo hauamini ni kesi ileile bila shahidi, safari hii umegeuza tu hukumu. Umefeli bodi mara mbili, hiyo ni kweli, usiikatae. Swali ni sentensi inayofuata. "Nimefeli mara mbili, mimi ni mjinga" au "nimefeli mara mbili, zote somo lilelile, sijawahi kulisoma na mtu"? Zote mbili hazifurahishi. Lakini ya pili ina mlango.

#14 Chalii wa Ngarenaro

Somo lilelile kweli. Umejuaje sista

#15 Sista Zamu

Nimebahatisha. Na mimi nilikuwa na langu.

#16 Mangi Mstaafu

Naona mnaendelea. Sijakataa yote. Ila mbona hakuna anayetaja Mungu humu? Ukimwachia Yeye hizo hukumu, daftari la nini?

#17 Dereva wa Msimu

Mzee wangu, mimi ni Mkatoliki, jumuiya sikosi, ingawa miezi ile nilikosa. Padri wetu ndiye wa kwanza kumwambia mke wangu anipeleke hospitali, kwa hiyo hao wawili hawagombani, tunaowagombanisha ni sisi.

Nikukumbushe Ayubu. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa. Mimi naona hapo ndipo walipofanya vizuri kuliko sura zote zinazofuata. Walipofungua mdomo wakaanza kumtafutia kosa. Kichwa changu kilikuwa kama wale rafiki kuanzia siku ya nane.

#18 Mangi Mstaafu

Hiyo ya siku ya nane nimeipenda. Nitaitumia bila kukutaja.

#19 Mgeni Kimya

Nasoma tu siku zote, leo naandika. Niko Moshi, Pasua. Nimejifungua miezi minne iliyopita. Mtoto mzima, mume mzuri, kila mtu anasema nimshukuru Mungu, na nikisikia hivyo najisikia vibaya zaidi kwa sababu sihisi shukrani. Kichwa kinasema mama wa kweli hawi hivi. Usiku natamani nilale nisiamke. Sina mpango wa kufanya kitu. Natamani tu.

#20 Sista Zamu

Mgeni, asante kwa kuandika. Naomba unisikilize vizuri dada.

Kwanza hilo ulilonalo lina jina, sonona baada ya kujifungua, linawapata mama wengi wenye watoto wazima na waume wazuri. Halina uhusiano na upendo wako kwa mtoto. Pili, hiyo ya kutamani usiamke usiibebe peke yako hata usiku wa leo. Mwambie mume au mama sasa hivi, kwa maneno hayohayo uliyoandika hapa, usiyapunguze. Na kesho asubuhi nenda hospitali na mtu. Mawenzi iko karibu nawe, ulizia kitengo cha afya ya akili, walio Arusha waulizie Mount Meru. Ukiwa unanyonyesha waambie, wanajua dawa za kuchagua. Watapima na damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo yanaweza kufanana na haya. Matamanio yakigeuka kuwa mpango, usingoje asubuhi, mapokezi ya dharura yako wazi saa 24.

Nimekuandikia pembeni. Nijibu hata kwa nukta moja.

#21 Mama Memorial

Mdogo wangu wa Pasua, mimi nilikuwa hivyohivyo kwa mtoto wa pili na sikumwambia mtu mpaka alipoanza kutembea. Usifanye kama mimi. Kama mume yuko mbali niambie, mimi na wewe ni nauli ya bodaboda tu.

#22 Mgeni Kimya

.

#23 Sista Zamu

Nimeiona nukta. Tunaongea pembeni. Tafadhali wadau msimuulize chochote hapa.

#24 Kibuyu

Halafu mimi nilitaka kufunga uzi. Samahanini.

Swali langu ni dogo. Na sisi ambao dawa yetu ni bia mbili jioni ili kichwa kinyamaze? Maana kinanyamaza kweli.

#25 Dereva wa Msimu

Kinanyamaza mpaka saa tisa usiku. Nilijaribu Juni yote. Pombe inakulaza haraka, halafu inakuamsha katikati ya usiku na kukuacha na hakimu yuleyule, sasa ana hangova na ana kosa jipya la kukusomea. Sista atakuja na maneno ya kitaalamu, mimi nina ya kitanda tu.

#26 Sista Zamu

Sina cha kuongeza hapo. Labda hili tu: mwenye dawa asichanganye, na asiache dawa ghafla akijisikia nafuu bila kurudi kwa daktari.

#27 Mama Memorial

Narudi, wiki tatu sasa. Nimekwenda mwenyewe kwa mmoja wa wale wawili. Sikulala usiku wa kuamkia. Nilikuwa nimeandika nyuma ya risiti ya marobota kile kichwa kilichosema: "atakutukana mbele ya watu, atachukua mzigo wote."

Hakunitukana. Alinung'unika. Riba amekataa kabisa kuigusa, na nikimwomba tena nadhani atanifukuza. Amekubali nilipe 15,000 kila Jumatatu na pikipiki isije nyumbani. Huyo wa pili bado naogopa.

Pikipiki nikiisikia bado naruka. Lakini juzi ilikuwa ya muuza maziwa, nikacheka peke yangu.

#28 Chalii wa Ngarenaro

Mama wewe ni jembe.

#29 Dereva wa Msimu

Wadau, leo tarehe 27 Desemba, niko Uru, mtandao unashika nikisimama karibu na banda la ng'ombe tu.

Wachaga mnajua Desemba, tunakuja kuhesabiwa. Miaka yote nakuja na gari la kuazima la kampuni, soda kreti mbili, mchele, nyama. Mwaka huu nimeshuka na basi mpaka stendi ya Moshi, kutoka hapo daladala, mfuko mmoja. Kazi nimepata ya vibarua kwa kampuni ndogo, safari mbili tangu Novemba, ya tatu Januari 9. Bado si kama zamani.

Kabla ya kuja nilifungua daftari la mafuta nikaandika. Kichwa: "Utasimama kwenye kihamba cha baba, watahesabu, watakuta umepungua. Baba mkubwa atauliza mbele ya watu. Wote watacheka." Mshauri aliniambia niandike na idadi, kwa sababu kichwa kinapenda neno "wote." Nikahesabu watu wazima wa boma. Kumi na wawili. Nikaandika: watacheka kumi na wawili.

Baba mkubwa aliuliza, ndiyo, mbele ya watu, ameshika kata ya mbege. "Gari liko wapi?" Magoti yalilegea aisee. Nikasema, "Baba mkubwa, sina gari. Tangu Machi sina kampuni, niliumwa, natafuta upya." Akanywa. Akampa kata mwenzake. Halafu akasema yule mbuzi wa beberu amekataa kutoka bandani na mimi ndiye mwenye mikono, niende nikamtoe. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake.

Jioni binamu mmoja mhasibu wa Dar akanifuata nyuma ya jiko, akaniambia na yeye amepunguzwa kazi Septemba, mke wake hajui mpaka leo, kila asubuhi anavaa shati anatoka. Tulikaa pale mpaka moto ukazima.

Mmoja alicheka. Nimeandika: kicheko, mmoja.

#30 Kibuyu

Huyo mmoja nani? Tutajie tumshughulikie

#31 Dereva wa Msimu

Shemeji. Yule niliyejifanya nimelala alipokuja.

#32 Mangi Mstaafu

Basi hapo mko sawasawa. Niko Kibosho mimi, si mbali. Kesho mchana nateremka Uru kwa dada yangu. Kama bado upo, niachie mbege kidogo, na hilo daftari nataka kuliona lilivyochorwa.